Msoma Kipimo wa Ziwa la Juu

Mume wa dada yangu alikuwa msoma kipimo wa idara ya maji. Kazi hiyo haina sare wala filimbi, na hata mtaani kwetu wengi hawakujua kama ipo. Kila Jumatatu alipanda mlimani hadi kwenye maziwa matatu, la chini, la kati na la juu. Ndani ya kila ziwa umesimikwa ubao wenye namba. Aliutazama, akaandika maji yamefika wapi, akashuka. Saa nne za kupanda, saa tatu za kushuka. Jumanne asubuhi alipeleka namba ofisini. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitatu.

Watu walimwita Rula. Jina lilitokana na rula ya mbao aliyotembea nayo kwenye mfuko wa shati, kama wengine wanavyotembea na kalamu. Alipima nayo kila kitu: unene wa mkate, kina cha dimbwi mlangoni, nafasi kati ya kitanda na ukuta. Dada yangu alikuwa akisema mbele ya wageni, "Huyu bwana akinikumbatia najua kabisa ananipima." Rula alicheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, na nadhani ndiyo sababu tulielewana, maana mimi pia kuongea hunipa taabu. Nina kibanda kilichoegemea ukuta wa soko, nanoa visu, mapanga, misumeno na mikasi ya washonaji. Jioni alikuja akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nami nikaendelea kuzungusha jiwe. Tuliweza kumaliza saa nzima tumesemezana "mvua inakuja" na "naam," basi, kila mtu akaenda kwake ameridhika.

Zamani idara ilimpa vibarua watatu kila baada ya mvua kubwa, wafyeke njia ya maziwani. Mapanga yao niliyanoa mimi. Kisha vibarua wakaondolewa, ikasemwa ni kwa muda tu. Mwaka wa kwanza magugu yalimfika Rula magotini. Mwaka wa pili yalimfika kiunoni. Baada ya hapo njia ikawa kitu cha kukumbuka kuliko cha kuona. Aliandika barua nne kuomba watu wa kufyeka. Tatu hazikujibiwa. Ya nne ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba barua yake imepokelewa.

Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, idara iliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Kulikuwa na injinia mpya, binti mwenye miwani, mpole, anayekusikiliza mpaka umalize. Akaeleza kwamba mtaa wa juu utapata maji. Mtaa ule uko mgongoni mwa kilima, na watu wake wanabeba ndoo kutoka mtoni tangu babu zao. Akasema bomba litatoka ziwa la juu, na kwamba anajua maji yatatosha nyumba mia nne hata kiangazi, kwa sababu kuna mtu ameyapima kila wiki bila kukosa. Akamwomba Rula asimame.

Rula akasimama. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja muuza mkaa, jirani wa dada yangu enzi yeye na Rula walipokaa mtaa wa juu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mzee Rula, Mungu akuweke! Shingo yangu hii imechoka kubeba ndoo, iangalie, imeingia ndani kama ya kobe!"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya Rula, nikaona mabega yake hayakutikisika. Alikaa chini akaangalia viatu vyake hadi mkutano ukaisha.

Jumamosi akaja kibandani na panga lake. Lilikuwa na kutu upande mzima, kutu ya rangi ya chungwa inayobaki kwenye vidole.

"Shemeji, panga hili hulitumii?" nikamuuliza.

Akaninyooshea mpini. Nikalishika, nikaanza kulisugua kwa mchanga kwanza. Nilipofika katikati akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Sijaliona ziwa la juu tangu mvua za mwaka juzi."

Nikaacha kusugua. "Na namba?"

"Nazisoma darajani."

Akanieleza yote, taratibu, macho yake yakiwa kwenye jiwe la kunolea. Nguzo ya daraja la mto, pale mji unapoishia, imejengwa kwa matofali. Kwa miaka mingi, kwa kujifurahisha tu, alikuwa akiangalia mto umefika tofali la ngapi kabla ya kupanda, kisha akilinganisha na ubao wa ziwa. Akagundua vinakwenda pamoja. Maji yakigusa tofali la saba, ziwa la juu lilisoma mia moja na ishirini. Tofali la nane, mia moja thelathini na tano. Akaandika jedwali nyuma ya kalenda ya zamani. Alilijaribu miezi sita: alikisia darajani, akapanda, akakuta ni vilevile, pengine tofauti ya sentimita moja au mbili. Kisha Jumatatu moja, kwenye mianzi, akateleza. Nyonga ya kushoto ikamgomea, akalala pale kama saa nzima akiyasikiliza majani. Jumatatu iliyofuata aliishia darajani.

"Nilisema ni wiki hiyo tu," akasema.

"Labda namba ni za kweli bado. Mto ni uleule."

"Labda."

"Sasa unataka nini?"

"Injinia anafunga hesabu yake wiki ijayo. Nataka nijue kabla hajafunga. Kama maji yapo, nitanyamaza, na nitapanda kila wiki hata kwa kutambaa. Kama hayapo, nitasema."

"Tutakwenda wote."

"Una kazi, shemeji."

"Visu havina miguu," nikamwambia. "Nitavikuta."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa jikoni kwao. Ni chumba chembamba, meza imebanwa kati ya jiko na dirisha, na ukutani, nyuma ya mlango, kuna kalenda iliyogeuzwa uso. Sikuwahi kujiuliza kwa nini imegeuzwa. Dada alikuwa akifunga mkate na mayai ya kuchemsha ndani ya kitambaa, chai iko kwenye chupa.

"Tangu lini kazi ya Jumatatu inataka watu wawili?" akauliza.

"Nimetaka kunyoosha miguu, dada," nikasema.

"Wewe? Wewe hata sokoni kwenyewe unakaa." Akanikabidhi chupa. "Mwangalie huyu. Akichoka hasemi. Utajua tu akianza kupiga mluzi."

Njia inaanzia nyuma ya kiwanda cha mbao, kwenye kizuizi cha chuma kilichopinda. Kuna kibao pale, lakini maandishi yameondoka na jua, imebaki picha ya mtu anayetembea, naye hana kichwa. Mwendo wa dakika ishirini za kwanza ni rahisi, unapita kati ya mashamba. Halafu shamba la mwisho linaisha na mbele kuna ukuta wa kijani. Siwezi kuueleza vingine. Hakuna mlango.

"Iko wapi?" nikauliza.

Rula akainama, akageuza panga, akapiga ardhi kwa mgongo wake. Tup. Akasogea hatua moja kushoto, akapiga tena. Tap. Sauti kavu, ya kitu kigumu.

"Hapa," akasema. "Miaka ishirini ya miguu yangu iko chini ya takataka hii. Udongo uliokanyagwa hausahau haraka."

Basi tukaenda hivyo. Yeye alipiga ardhi kutafuta njia, mimi nilikata. Tulikata miiba iliyoshonana kama kikapu, tukakata majani yenye vinywele ambavyo viliniwasha mikono mpaka nikaona aibu kujikuna. Kila baada ya hatua mia tulibadilishana. Umande ulitulowesha hadi mapajani, kisha jua likatukausha, kisha jasho likatulowesha upya. Kufika saa tatu tulikuwa bado tunaona moshi wa kiwanda cha mbao, karibu kabisa, kana kwamba tungeweza kuutemea mate.

"Kwa mwendo huu tutafika lini?" nikauliza.

"Zamani, saa hizi nilikuwa nakunywa chai ziwa la chini."

"Zamani na mimi nilikuwa na nywele."

Mabega yake yakatikisika kidogo. Hicho ndicho kicheko pekee nilichokiona siku ile.

Kwenye mianzi tulipotea. Majani yaliyoanguka ni mengi, ardhi yote inatoa sauti moja, hakuna tup wala tap. Tulizunguka tukarudi kwenye mwanzi tuliokwisha kuukata, kidonda chake bado kibichi. Rula akakaa chini akaangalia mteremko kwa muda mrefu. Akasema kibarua mmoja, marehemu sasa, alikuwa na tabia ya kukata ngazi kwenye udongo kila mahali penye utelezi, hata walipomwambia haina haja. Tukapiga magoti tukapapasa kwa mikono. Baada ya nusu saa nikakipata kipandio, kimejaa majani yaliyooza, lakini pembe yake bado imenyooka kama ya ngazi ya nyumbani. Tukavifuata vipandio vile kwa mikono na magoti, kimoja hadi kingine, mpaka tukatoka juu ya mianzi. Hapo ndipo alipoanza kupiga mluzi.

"Tupumzike, shemeji," nikasema.

"Sijachoka."

"Mimi nimechoka."

Tukala mayai tukiwa tumesimama, kwa sababu mahali pa kukaa palikuwa na siafu.

Ziwa la chini tulilifikia saa sita. Nilikuwa nimeliona nikiwa kijana, na nilitegemea maji. Lilikuwa uwanja wa nyasi ndefu, rangi moja, na ubao wa kipimo umechomoza katikati.

Nikamwangalia.

"Hili hukauka kila kiangazi," akasema upesi. "Hili si neno. Namba zake ni za jina tu."

Ziwa la kati lilikuwa na maji, lakini kidogo, ukubwa wa chumba cha watu wawili, meusi, na ubao ulikuwa umelala ubavu kwenye tope. Rula alivua kofia akafuta paji lake la uso, akaivaa.

"La kati ni ziwa la uvivu," akasema mwishowe. "Halipokei maji mpaka la juu lijae. Twende juu."

Kati ya ziwa la kati na la juu kuna mteremko wa mawe. Hapo hapaoti kitu, kwa hiyo hatukuwa na cha kukata, tulitembea tu. Zamani, aliniambia, mtu akifika katikati ya mawe yale husikia maji yakimwagika kutoka ukingoni mwa ziwa la juu, sauti kama watu wanaozungumza nyuma ya ukuta. Tulifika katikati. Nilisikia pumzi yake na pumzi yangu. Nikakohoa ili kuwe na sauti nyingine. Alikuwa ametangulia sasa, licha ya nyonga, anavuta mguu kama mtu anayeburuta gunia, na sikuthubutu kumwambia apunguze mwendo.

Alifika ukingoni kabla yangu akasimama. Nilipomfikia sikuhitaji kuuliza.

Ziwa la juu lilikuwa halipo. Kulikuwa na shimo kubwa la tope lililopasuka vipande vipande, na nyasi zimeota kwenye nyufa. Upande wa mbali, ukingo ulikuwa umemomonyoka. Pengo lilikuwa na upana wa nyumba, na kupitia pengo lile tuliona bonde la upande wa pili wa mlima, la kijani kibichi, ambako hakuna mtu anayeishi. Maji yote yalikuwa yamekwenda huko.

"Na mto wetu?" nikauliza. "Mto una maji."

"Utakuwa unakula chemchemi za chini," akasema. "Ziwa halimo tena."

Akashuka ndani. Alitembea juu ya sakafu ya ziwa, polepole, anajaribu tope kwa mguu kabla ya kulikanyaga, mpaka akaufikia ubao. Miaka yote aliyopanda alikuwa akiusoma kutoka kwenye jiwe la ukingoni, amekunja macho. Hakuwahi kuugusa. Sasa akasimama kando yake. Wiki iliyopita alikuwa ameandika mia moja ishirini na sita. Namba hiyo ilimfika kifuani. Akaiwekea kiganja, akaiangalia, halafu akaangalia miguu yake mikavu.

Mimi nilikwenda kwenye pengo. Sijui nilikuwa natafuta nini, pengine nilitaka kukuta kwamba limebomoka juzi, ili kosa lake liwe la siku mbili tatu. Katikati ya pengo kilikuwa kimeota kichaka kizima, shina lake nene kama kifundo cha mkono wangu, na kimenipita kimo. Kichaka cha namna ile hakioti kwa msimu mmoja. Ukingo ulibomoka mwaka juzi, kwenye mvua zilezile zilizomlaza mianzini. Pengine wiki ileile.

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye jiwe la ukingoni na daftari lake magotini.

"Unaandika sifuri?" nikamuuliza.

"Hapana. Sifuri ni maji yakigusa mwanzo wa ubao. Yakikosekana kabisa kuna maneno yake." Akaandika kwa mwandiko wake wa kishule, herufi moja moja: chini ya kipimo. "Sijawahi kuyaandika," akasema. "Nilidhani nitastaafu bila kuyaandika."

Ilikuwa saa tisa. Tuliteremka kwa njia tuliyoikata, na ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu mmoja tu angepita, kwa ubavu. Mkate ulirudi nyumbani kama ulivyoondoka.

Jumanne tukaenda ofisini. Idara ya maji iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri. Ukipanda ngazi unasikia harufu ya grisi, ukifika juu inakuwa harufu ya karatasi. Karani, mwanamke mcheshi aliyekaa kwenye meza ile miaka yote, alimsalimia kama kawaida.

"Shikamoo, Mzee Rula. Leo umekuja na mtu?"

"Marahaba. Ni shemeji yangu. Nimekuja naye awe shahidi."

"Shahidi! Umeua mtu?"

"Bado sijajua," akasema Rula.

Karani akaacha kutabasamu, akatupeleka kwa meneja. Injinia naye akaitwa. Meneja ni mtu wa makamo, mstaarabu, alitupa viti, akaagiza na chai. Akafungua daftari.

"Chini ya kipimo," akasoma. "Wiki iliyopita, mia moja ishirini na sita. Mzee, ziwa limepoteza mita na zaidi kwa siku saba?"

"Ziwa halikupoteza kwa siku saba. Mimi ndiye niliyekuwa sipandi."

Akaeleza: daraja, matofali, jedwali nyuma ya kalenda, nyonga, mianzi. Hakutaja zile barua nne. Nilimgusa mguu chini ya meza, akausogeza wake. Injinia alivua miwani, akawa anaisafisha kwa ncha ya blauzi, anaisafisha tu, hata Rula alipomaliza kuzungumza bado anaisafisha.

"Kwa hiyo unaniambia," meneja akasema, bila hasira, "kwamba miaka miwili umetuletea uongo."

"Ndiyo, bwana."

"Na leo umetuletea ukweli."

"Ndiyo."

"Nitautambuaje?"

Rula akanigeukia.

"Niliona," nikasema.

"Wewe ni nani katika idara?"

"Nanoa visu, bwana. Sokoni."

"Mna picha?"

Nikatoa simu yangu. Ni ya kubonyeza, ina tochi, haina zaidi. Meneja akaitazama akanirudishia kwa adabu.

Injinia akasema, "Nitapanda mwenyewe. Kesho. Nione kwa macho yangu."

"Utapanda kwa njia gani?" meneja akamuuliza. "Njia ile imeondolewa kwenye orodha tangu mwaka juzi. Mtumishi akivunjika mguu kwenye njia isiyo kwenye orodha, barua inakuja kwangu."

"Basi tuwape hawa simu yenye kamera."

"Wakapige picha ya nyasi? Mlima mzima ni nyasi. Rasimu ya ripoti yako imeshakwenda, mkutano umefanyika, watu wamepiga makofi. Nirudi nikawaambie nimeusimamisha mradi kwa neno la mtu anayekiri mwenyewe kwamba hasemi kweli?"

Karani, ambaye alikuwa mlangoni na sinia la chai, akasema kama anayejiuliza, "Sasa kama njia ilifungwa tangu mwaka juzi, hizi namba kila Jumanne tulikuwa tunadhani zinapita wapi?"

Akaweka vikombe mezani akatoka.

Kabla hatujaondoka Rula aliuliza jambo moja tu. Njia inarudije kwenye orodha? Meneja akafungua kabati, akatafuta, akamsomea. Ifyekwe upana wa mita mbili kutoka kizuizini hadi ziwa la juu, yote kwa wakati mmoja, kisha mkaguzi aje aitembee. Rula akamwomba arudie pale penye mita mbili.

Ijumaa alipata barua ya kupumzishwa kazi. Ilimshukuru kwa miaka ishirini na mitatu.

Kazi ya bomba ikaanzia chini, kwa kuwa juu hakufikiki. Tangi likajengwa. Mtaa wa juu wenyewe walijitolea kuchimba mtaro, kila Jumamosi, wanaume kwa wanawake, na walichimba kwa furaha, mpaka mtu akipita anataka naye apewe jembe. Jumamosi moja Rula alikwenda pale mimi nikiwepo. Muuza mkaa alikuwa ndani ya mtaro hadi mabegani.

"Mama," Rula akamwambia, "hilo ziwa halina maji."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nimeliona."

"Si wewe uliyesema yapo?"

"Nilisema. Sikuwa nimepanda."

Mama akachomeka jembe udongoni. Wengine walikuwa wameacha kuchimba. "Mzee Rula," akasema, "wivu huu umeanza lini? Kwa vile wewe umehamia chini na bomba lako liko jikoni? Wamekulipa ngapi uje utukatishe tamaa?"

"Hakuna aliyenilipa."

"Basi nenda kapumzike. Wamekupumzisha, pumzika." Akarudi kuchimba, na udongo aliorusha uliangukia viatu vya Rula. Sidhani kama alikusudia.

Injinia alikuja kibandani kwangu mara moja, na mkasi usiohitaji kunolewa. Akasema, "Mimi namwamini."

"Waambie, injinia."

"Nimewaambia. Sasa nimepelekwa kwenye mabomba yanayovuja mjini." Akachukua mkasi wake akaondoka.

Rula hakupumzika. Kila asubuhi anatoka na panga na rula yake, anafyeka njia kutoka kizuizini kwenda juu, mita mbili kamili. Anapima upana kila baada ya hatua kumi, kwa sababu mkaguzi atapima. Dada yangu mwanzoni alilia, kisha akagomba, kisha akaanza kumfungia chakula. "Mtu gani," aliniambia, "anahangaika hivyo ili watu wapande wakaione aibu yake?" Siku njema Rula anakwenda hatua arobaini. Siku ambayo nyonga imekataa, kumi. Mimi humsaidia Jumapili.

Mvua zilianza mapema. Jumapili iliyopita tulikuwa tumefika kwenye mianzi, mahali pale penye vipandio, na kwa mara ya kwanza mtu angeweza kusimama akaona sehemu kubwa ya njia imefunguka nyuma yake. Tuligeuka kutazama. Kule chini, tulikoanzia, kijani kilikuwa kimekwisha kurudi, laini, kipya, kimefika magotini.

"Mkaguzi anaitaka yote kwa wakati mmoja?" nikamuuliza, ingawa nilikuwepo iliposomwa.

"Yote."

Alisimama kidogo, mvua ikimdondoka kwenye ukingo wa kofia. Kisha akanipita, akaanza kuteremka, aanze tena chini.